Haki ya Aliyetangulia na Haki ya Anayekuja: Muda wa Kufunga Chombo Kwenye Mito

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewatiishia waja Wake bahari na mito. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika vitabu vya fiqhi uko mlango ambao darsa zetu nyingi huupita kwa haraka, nao ni mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa (ihyaul-mawat) pamoja na yanayoambatana nao: mabarabara, masoko, vituo vya wasafiri na maji ya wote. Ndani ya mlango huo mna suala ambalo tungependa kulieleza hapa. Mtu amefika na chombo chake kwenye gati la mto, gati lisilo la mtu maalumu. Amekuta nafasi, amefunga kamba. Je, anayo haki ya kukaa hapo kwa muda gani? Je, mwenye mamlaka anaweza kumwambia kwamba siku zako zimekwisha, ondoka? Na akikataa, aondolewe kwa utaratibu gani?

Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni swali la kubuni. Sivyo. Nchini Uingereza, kwenye mifereji na mito yake, swali hili limefika bungeni na mahakamani, na maelfu ya watu wanaoishi ndani ya mashua linawagusa kila wiki. Lakini kabla ya kufika huko tutaanza Madina, kisha Baghdad na Cairo, kwa sababu misingi ya suala hili wanazuoni wetu waliiweka karne nyingi zilizopita.

MSINGI WA KWANZA: MINA NI YA ANAYETANGULIA

Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama ajengewe jengo la kumpa kivuli pale Mina. Akakataa, na akaeleza kuwa Mina ni mahali pa kupigisha ngamia magoti kwa yule anayetangulia kufika. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi, Abu Daud na Ibn Majah. Wako waliozungumza juu ya isnadi yake, lakini mafakihi wameichukua maana yake na kuijengea hukumu nyingi.

Tuizingatie vizuri, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili na watu wengi hushika moja. La kwanza ni kwamba aliyetangulia ana haki zaidi ya mahali alipofikia, wala haijuzu kumwondoa kwa nguvu ili akae mwingine. La pili ni kwamba Mtume mwenyewe (s.a.w.), pamoja na daraja yake, hakukubali kujengewa jengo la kudumu mahali hapo. Kwa hiyo kutangulia kunampa mtu haki ya kutumia, na hakumpi milki. Anayesema "mimi nilifika kwanza" ameshika nusu ya hadithi. Nusu ya pili inamwambia kuwa na wewe utaondoka, na nyuma yako kuna anayekuja.

Maana hii inaungwa mkono na hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani. Waliposema kuwa hawana budi na mabaraza yao, hakuwavunjia. Aliwataka waipe njia haki yake. Hapa tunaona namna mbili za uadilifu kwa pamoja: haja ya watu imesikilizwa, na njia imebaki na haki yake.

MSINGI WA PILI: MUDA UNAWEZA KUWEKWA

Wapo wanaodhani kuwa kuweka idadi ya siku au miaka katika mambo ya umma ni uzushi wa serikali za kisasa. Historia inasema vingine. Katika Kitabul-Kharaj, Qadhi Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 Hijria, sawa na 798 Miladia) amepokea kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alihukumu kuwa mtu aliyezungushia ardhi mawe ili aihodhi, kisha asiifanyie kazi, hana haki tena baada ya miaka mitatu. Imepokewa pia kwamba Umar alimwita Bilal bin al-Harith al-Muzani (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alikuwa amempa ardhi ya al-Aqiq, akamtaka abaki na kile anachoweza kukifanyia kazi na sehemu iliyobaki airudishe kwa Waislamu.

Sababu ya hukumu hizi ni moja. Kitu ambacho asili yake ni cha wote hakishikwi na mtu mmoja zaidi ya anavyokitumia. Miaka mitatu ya Umar ilikuwa ijtihadi ya kiongozi katika kupima lini kutumia kumegeuka kuhodhi.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu katika Pwani ya Afrika Mashariki tumekisomea, utaratibu wa kufuatwa. Muda wa kuhodhi ukirefuka, mtawala humwambia mhusika ahuishe au aache. Akiomba apewe muhula, hupewa muhula mfupi. Tuyaweke akilini mambo haya matatu: kuonywa, kuchaguzwa, na kupewa muhula. Tutayahitaji huko mbele.

DIJLA YA BAGHDAD

Baghdad ilijengwa na Khalifa al-Mansur kuanzia mwaka 145 Hijria, sawa na 762 Miladia, kwenye kingo za mto Dijla, na mfereji wa Nahr Isa ukiuunganisha mji huo na mto Furati. Chakula cha mji, mbao, matete na bidhaa za Basra vilikuja kwa vyombo. Kingo za Dijla zilikuwa na madiko mengi, na diko moja likiitwa kwa Kiarabu mash-raa. Neno hilo limetoka katika shina moja na neno sharia, ambalo asili yake ni njia ya kuyafikia maji.

Katika mji wa namna hiyo, mahali pa kufunga chombo palikuwa na thamani, na palipo na thamani hapakosi mzozo. Abu Yusuf, akimwandikia Khalifa Harun al-Rashid, aliizungumzia Dijla na Furati kuwa ni mito ya Waislamu wote, mfano wa barabara zao. Aliulizwa juu ya vinu vya kusagia vilivyoundwa juu ya vyombo na kufungwa ndani ya Dijla. Jibu lake lilikuwa la kifakihi: kinachodhuru vyombo vinavyopita kiondolewe, na kisichodhuru kiachwe. Kipimo chake ni madhara kwa wapitaji, wala hakuangalia utajiri au unyonge wa mwenye kinu.

Baada yake, katika mji huo huo, aliishi Imam Abul-Hasan al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia), qadhi wa madhehebu ya Shafi na mwandishi wa al-Ahkam as-Sultaniyya. Katika mlango wa maeneo ya kunufaika watu wote, ameanza na vituo vya wasafiri na mahali pa maji. Anasema kuwa aliyetangulia kufika ana haki zaidi mpaka aondoke, na dalili yake ni ile hadithi ya Mina. Wakifika pamoja na kugombana, mtawala huamua baina yao ili kuondoa ugomvi. Kisha akafikia jambo lenyewe: wale wanaoshukia mahali hapo kwa nia ya kufanya makazi. Hao, anasema, mtawala awaangalie. Ikiwa makazi yao yanawadhuru wapitaji, atawazuia, sawa iwe kabla hawajakaa au baada ya kuwa wamekwisha kaa.

Tofauti aliyoiweka Mawardi hapa ndiyo ufunguo wa suala letu lote. Yuko mpitaji anayepumzika, na yuko mkaazi aliyejificha katika vazi la mpitaji. Wa kwanza mtawala hana haja ya kumwingilia. Wa pili anaangaliwa.

QIYASI IPI NI SAHIHI?

Hapa mwanafunzi wa fiqhi anaweza kuleta pingamizi lenye nguvu, nasi hatutaki kulipita kimya. Atasema: katika Rawdatut-Talibin, Imam Nawawi ameuliza kama mtu anayekaa barabarani kwa biashara yake anaondolewa pindi ukaaji wake ukirefuka, naye akasema kuwa kauli sahihi zaidi ni kwamba haondolewi, kwa kuwa naye ni mmoja wa wanaostahiki kunufaika na alitangulia. Basi vipi mwenye chombo aondolewe gatini?

Jibu ni kwamba kukaa barabarani kumeruhusiwa kwa sharti la kutowabana wapitaji. Barabara ni pana, na mwenye kukaa pembeni hajamzuia mtu kupita. Ama gati, anayelikalia amelijaza. Wa pili hawezi kufunga chombo juu ya chombo mpaka kusibaki njia ya maji. Kwa hiyo gati la wapitaji halifanani na barabara. Linafanana zaidi na mambo mawili mengine ambayo Nawawi mwenyewe ameyataja.

La kwanza ni madini ya wazi, kama chumvi, yakiwa katika sehemu finyu. Aliyetangulia huchukua kwa kadiri ya haja yake. Akitaka kuzidisha, kauli sahihi zaidi katika Minhaj ni kwamba huondolewa.

La pili ni ribati, yaani nyumba ya wakfu wanamofikia wasafiri. Katika Rawda imeelezwa kuwa ikiwa mwenye wakfu ameweka muda wa kukaa, haizidishwi juu yake. Ikiwa hakuweka, hutazamwa lengo ambalo nyumba ilijengewa na desturi iliyozoeleka. Asiruhusiwe mtu kukaa katika ribati ya wapitaji isipokuwa kwa maslahi ya ribati yenyewe, au kwa hofu iliyotokea, au kwa mvua zinazofululiza.

Basi hukumu hufuata lengo la mahali. Gati lililowekwa kwa ajili ya wanaopita ni ribati ya majini. Lina muda, na muda huo una mlango wa udhuru.

Udhuru huo haukuwa maneno ya vitabuni tu. Mawardi huyo huyo, anapotaja kazi za muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na mambo ya umma, anasema kuwa huwazuia wenye vyombo kupakia kupita uwezo wa chombo kiasi cha kuhofia kuzama, na huwazuia kusafiri wakati upepo unapokuwa mkali. Sasa tazama: ikiwa mamlaka ndiyo inayomkataza nahodha kung'oa nanga kwa ajili ya upepo, vipi mamlaka hiyo hiyo imhesabie siku alizokaa kwa amri yake? Fiqhi iliyokamilika haiwezi kumwamrisha mtu kuondoka na kumkataza kuondoka kwa wakati mmoja.

NILI YA MISRI

Huko Misri ugomvi ulikuja kwa sura nyingine. Katika zama za Wamamluki, Bulaq ilikua ikawa bandari kuu ya Cairo kwenye mto Nili, na kisiwa cha Rawda kilichokabiliana na mji kikawa mahali pa majumba ya kifahari. Watu wakaanza kusogeza majengo kuelekea majini. Imam Jalaluddin as-Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505 Miladia), ambaye aliishi Rawda, akaandika risala maalumu ya kukataza kuchomoza kwa majengo juu ya ukingo wa mto, nayo imo katika mkusanyiko wa fatwa zake, al-Hawi lil-Fatawi.

Funzo lililomo hapa ni kuwa wanaozidi mipaka ya mto si mabaharia maskini peke yao. Mara nyingi wenye nyumba kubwa ndio wanaokula ukingo, na madhara yao hayaondoki baada ya siku kumi na nne wala miaka kumi na nne. Anayetaka kusimamia haki ya mto aanze na aliyejenga kwa mawe kabla ya aliyefunga kwa kamba.

MIFEREJI YA UINGEREZA

Tuje sasa kwenye zama zetu. Uingereza ilichimba mifereji yake mingi kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 ili kusafirisha makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Reli na malori vikaiua biashara hiyo, na mwaka 1948 sehemu kubwa ya mifereji ikawekwa chini ya serikali. Baadaye ikasimamiwa na shirika la British Waterways. Tangu mwaka 2012, ile ya England na Wales iko chini ya taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, inayosimamia takriban kilomita 3,200 za njia za maji.

Mashua za makaa zilipotoweka, zikaja mashua za matembezi, na baadaye mashua za kuishi. Katika miji kama London, ambako kodi za nyumba ni kubwa, wengi wamefanya mashua kuwa nyumba yao. Baadhi wana gati la kudumu wanalolilipia. Wengine hawana, nao ndio wenye suala.

Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995, kifungu cha 17, iliwawekea hawa sharti. Chombo kisicho na gati la kudumu lazima kitumike kwa nia ya kweli ya kusafiri, na kisikae mfululizo mahali pamoja zaidi ya siku 14, au muda mrefu zaidi ambao ni wa busara kulingana na hali. Yako pia magati ya wageni yenye muda mfupi kuliko huo, mengine saa 48 tu.

Msomaji wa Rawda ataitambua sura hii mara moja. Nia ya kweli ya kusafiri ndiyo tofauti ya Mawardi baina ya mpitaji na mkaazi. Siku 14 ni muda aliouweka msimamizi. Na maneno ya muda wa busara kulingana na hali ndiyo hofu iliyotokea na mvua zinazofululiza: barafu iliyoganda juu ya mfereji, mafuriko, lango la kupandishia maji lililoharibika, ugonjwa, au mtambo wa mashua uliokufa.

Ugomvi umebaki katika neno moja, nalo ni "mahali". Sheria haikusema mahali pamoja pana urefu gani. Je, aliyesogea mita 200 amehama? Mwaka 2015 Canal & River Trust ilieleza kuwa mwenye chombo ambaye mzunguko wake wa mwaka mzima haufiki maili 15 hadi 20, yaani kama kilomita 24 hadi 32, ni vigumu kukubaliwa kuwa ametimiza sharti. Wenye mashua wengi walilalamika kuwa idadi hiyo haimo katika sheria. Wenye watoto shuleni na kazi mjini waliona kuwa mwendo huo unawang'oa katika maisha yao.

Wanazuoni wetu wanalijua tatizo la aina hii. Kila neno ambalo sheria imelitaja bila kulipima, wamelirudisha kwenye ada ya watu, kama walivyofanya katika maana ya kukabidhi bidhaa na maana ya mahali pa kuhifadhia mali. Ada ya wasafiri wa mtoni haimwiti msafiri mtu anayezunguka baina ya miti miwili. Lakini ada hiyo hiyo haimtaki mtu akimbie kama anayefukuzwa.

Ama katika utekelezaji, sheria hizo zina hatua. Mwenye kukiuka hupewa notisi ya siku zisizopungua 28 ili arekebishe kabla ya leseni yake kufutwa. Kisha, chini ya sheria ya mwaka 1983, chombo kilichobaki bila idhini kinaweza kuondolewa baada ya notisi ya siku 28. Kikiwa ni nyumba ya mtu, taasisi huenda kwanza mahakamani. Kuonywa, kuchaguzwa na kupewa muhula: ni mambo yale yale matatu tuliyoyakuta katika Minhaj.

MASIKINI WA SAFINA

Lipo jambo moja ambalo kila anayesimamia magati angepaswa kulisoma. Katika Surat al-Kahf, Mwenyezi Mungu ametaja safina iliyotobolewa na mja Wake mwema, na akawaita wenye safina hiyo masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Wanazuoni wa madhehebu yetu wametoa dalili kwa aya hii kwamba mtu anaweza kumiliki chombo na bado akaitwa masikini. Kumiliki mashua si ushahidi wa utajiri. Na mbele ya masikini hao, Qur'ani imemtaja mfalme aliyekuwa akichukua kila safina kwa nguvu.

Kisa hiki kinatuwekea mizani. Mamlaka inayosimamia muda kwa maslahi ya wanaokuja inafanya wajibu wake. Mamlaka inayotafuta sababu ya kuchukua vyombo vya wanyonge imejiweka upande wa mfalme yule. Suyuti katika al-Ashbah wan-Nadhair ameitaja kanuni kwamba kila analolifanya kiongozi juu ya raia limefungamana na maslahi yao. Kwa hiyo muda wa kukaa ambao hauna maslahi kwa yeyote, kama vile kumwondoa mtu kwenye ukingo mtupu ambao hakuna anayeuhitaji, ni vigumu kuutetea hata kama umeandikwa.

Kwa upande wa pili, Muislamu aliyechukua leseni na kukubali masharti yake amefunga ahadi, na Waislamu husimama kwenye masharti yao, sawa awe katika nchi ya Kiislamu au nyingine. Haimfalii kusogeza chombo hatua chache usiku wa kumi na nne ili kuihadaa sheria, kisha asubuhi akasimama kuswali juu ya mahali alipomnyima mwenzake.

HITIMISHO

Tunaweza kufupisha tuliyoyaeleza kama ifuatavyo:

1. Aliyetangulia kwenye mahali pa umma ana haki ya kutumia kwa kadiri ya haja, wala hana milki.
2. Mwenye mamlaka anaweza kuweka muda, na muda huo hufuata lengo la mahali na maslahi ya wanaokuja.
3. Muda usio na mlango wa udhuru ni dhulma, kwa kuwa upepo, maradhi na mafuriko haviko mikononi mwa mja.
4. Kuondolewa hutanguliwa na onyo na muhula, na huanzwa na mwenye madhara makubwa kabla ya mnyonge.

Misingi hii haikuhusu Dijla na mifereji ya Uingereza peke yake. Tunayo madiko yetu ya wavuvi, meza zetu za sokoni, na vituo vyetu vya magari, ambako kila siku mtu hudai kuwa mahali ni pake kwa sababu amepazoea. Tunawanasihi maimamu waufungue mlango huu wa fiqhi katika darsa zao, ili watu wajue kuwa aliyeko mahali ana haki, na ambaye hajafika naye anayo.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.